Jenerali China: Aliyeponea kitanzi Nyeri akafungwa Turkana

MSAFIRI anayepanda kaskazini kutoka Marigat, Baringo, huipita nchi ya mawe na miiba kabla ya kuifikia Kapedo, mji mdogo ulio kwenye mpaka wa Baringo na Turkana. Hapo maji ya moto huchemka kutoka ardhini na kuporomoka mwambani, na wasafiri husimama kuyatazama. Lakini kwa miaka mingi Kapedo haikutajwa magazetini kwa ajili ya maji yake. Ilitajwa kwa wizi wa mifugo, mashambulizi na maziko. Mwishoni mwa mwaka wa 2014 askari wa polisi wapatao ishirini waliviziwa na kuuawa karibu na mji huo.

Kumwaga damu baina ya serikali na raia katika ukanda huo si jambo la jana. Mnamo Aprili 24, 1950, huko Kolloa, katika nchi hiyohiyo kavu ya Wapokot, Lukas Pkiech na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walipambana na kikosi cha maafisa wa kikoloni. Pkiech aliuawa pamoja na wafuasi wake wengi, na maafisa kadhaa wa serikali nao wakafa. Tangu hapo utawala wa Kiingereza ulizidi kuibana sehemu hiyo. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuingia bila kibali, na mwenyeji naye hakutoka apendavyo.

Kuanzia Kapedo kwenda juu, kupitia Lodwar hadi mpaka wa Ethiopia, Turkana yote iligeuzwa jela isiyo na kuta. Serikali ilipotaka mtu asahaulike, ilimpeleka huko. Mwishoni kabisa mwa nchi hiyo, mbali sana na Kapedo lakini chini ya jua lilelile, ipo Lokitaung. Ndiko alikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria. Na ndiko alikopelekwa mwaka wa 1954 mfungwa mmoja ambaye, kwa mujibu wa hukumu ya mahakama, hakupaswa kuwa hai.

Jina lake lilikuwa Waruhiu Itote. Kenya nzima, na sehemu kubwa ya Uingereza, ilimjua kama Jenerali China.

Alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurweini, kusini mwa Nyeri. Masomo yake yalikuwa ya shule ya msingi tu, nayo hakuyamaliza. Kama vijana wengi wa Nyeri wa wakati ule, alishuka Nairobi kutafuta riziki, akajaribu biashara ya mboga, na akagundua mapema kuwa mjini Mwafrika hakuweza kupiga hatua mbili bila kuulizwa karatasi. Mwaka wa 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles. Vita vya Pili vya Dunia vilimpeleka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, na kisha Burma, kupigana na Wajapani.

Vita hivyo ndivyo vilivyomsomesha. Huko alikutana na askari Wahindi waliokuwa wakingoja uhuru wa nchi yao, na askari weusi wa Marekani waliomweleza mambo ambayo hakuna mwalimu wa Nyeri angethubutu kuyataja. Aliona pia kuwa risasi haichagui rangi, na kwamba Mzungu huogopa na hufa kama mtu mwingine yeyote. Aliporudi nyumbani alikuta ardhi ni ileile, kipande ni kilekile, na kazi aliyopata ni ya kuchochea makaa katika injini za reli.

Alijiunga na chama cha KAU mwaka wa 1946, kisha akaingia katika kundi la vijana lililojulikana kama Anake a 40, ambalo wengi wa wanachama wake walikuwa askari wa zamani waliochoshwa na siasa za kuandika maombi. Alikula kiapo mwaka wa 1950. Mwezi Agosti 1952, miezi miwili kabla ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari, Itote aliingia katika msitu wa Mlima Kenya. Dedan Kimathi na Stanley Mathenge walikuwa upande wa Nyandarua. Mlima ulikuwa wa China. Ujuzi alioupata Burma aliutumia kuwapanga wapiganaji kwa makundi, kuweka walinzi, kupeleka habari na kugawa chakula kilichotoka vijijini kwa siri.

Ili kuelewa yaliyompata baadaye, ni lazima kutazama sheria zilivyobadilishwa huku nje ya msitu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Kabla ya hapo mtu alinyongwa Kenya kwa kosa la kuua au uhaini. Katika muda usiofika miaka miwili orodha hiyo ilirefushwa mno. Kulisha watu kiapo kukawa kosa la kifo. Kupatikana na bunduki au risasi, hata moja, kukawa kosa la kifo. Kuwa pamoja na watu wenye silaha kukawa kosa la kifo. Mahakama maalumu ziliundwa mwaka wa 1953 ili kesi ziende haraka, nazo zilikwenda. Majaji walisikiliza watu kumi, ishirini au zaidi kwa mkupuo, kila mmoja amefungiwa nambari shingoni, wengi wao wakifuata kesi yao kupitia mkalimani.

Mwanahistoria David Anderson wa Uingereza, aliyepitia majalada ya kesi hizo moja baada ya jingine na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 2005, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Hakuna koloni jingine la Uingereza katika karne ya 20 lililonyonga watu wengi kiasi hicho kwa sababu za uasi. Na jambo linalofaa kukumbukwa zaidi ni kuwa wengi wao hawakutiwa hatiani kwa kuua. Walinyongwa kwa kushika silaha, kwa kushika risasi, kwa kuonekana na watu fulani, kwa kiapo. Walizikwa katika ardhi ya magereza, bila alama.

China alikamatwa Januari 15, 1954, katika mapambano upande wa Karatina. Risasi ilimpiga shingoni. Kwa kawaida jeraha la namna hiyo msituni lilikuwa mwisho wa safari, lakini yeye alitibiwa, na alipoweza kusema alikabidhiwa Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekulia Nyeri na kuzungumza Kikuyu kama mzawa. Henderson alimhoji kwa jumla ya saa 68. Miaka mingi baadaye afisa huyohuyo angekuwa mkuu wa usalama nchini Bahrain, na kulaumiwa huko na watetezi wa haki za binadamu. Lakini wakati huo alikuwa kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, na mbele yake kulikuwa na kiongozi wa Mau Mau wa ngazi ya juu kuliko wote waliowahi kushikwa wakiwa hai.

Kesi ilisikilizwa Nyeri mwanzoni mwa Februari. Ni vyema kuyatazama mashtaka yenyewe. Mtu huyu alikuwa ameongoza maelfu ya wapiganaji kwa mwaka mmoja na nusu. Mashambulizi mengi yalikuwa yamefanywa kwa amri yake au kwa jina lake. Lakini hakushtakiwa kwa kifo cha mtu yeyote. Alishtakiwa kwa kuwa pamoja na watu wenye silaha na kwa kupatikana na risasi mbili. Sheria ya hali ya hatari haikuhitaji zaidi ya hayo. Mahakama ilimpata na hatia na kumhukumu kunyongwa.

Kisha serikali ikafanya jambo ambalo halikufanyika kwa mamia ya wengine. Ilisita.

Wakuu wa usalama walikuwa wameona kuwa China akiwa hai anaweza kuwafaa kuliko China akiwa kaburini. Walimweleza kwamba angeweza kuokoa maisha yake kwa kuwaandikia makamanda walio msituni na kuwaita kwenye mazungumzo ya kusalimisha silaha. Alikubali. Barua zilipelekwa msituni kwa njia za siri, na majibu yakaanza kurudi. Mwanzoni mwa Machi 1954 Gavana Baring alitangaza kuwa hukumu ya kifo imeondolewa na badala yake Itote atatumikia kifungo.

Walowezi walipandwa na hasira. Katika mikutano yao na magazeti yao walidai kuwa serikali imewasaliti, kuwa damu ya Wazungu imeuzwa, na kuwa mtu aliyestahili kitanzi kuliko wote ndiye aliyepewa uhai. Kwa upande wa pili, msituni, kulikuwa na wapiganaji waliomwita msaliti. Kimathi hakuziamini barua zile. Wengine walizipokea kwa matumaini, maana njaa ilikuwa imewaingia na njia za chakula zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine.

Mazungumzo yalifika mbali kuliko wengi walivyotarajia. Makamanda wa Mlima Kenya walikutana na wawakilishi wa serikali, wakarudi msituni kuwashawishi wenzao, na idadi kubwa ya wapiganaji ikaanza kukusanyika karibu na ukingo wa msitu. Mnamo Aprili 7, 1954, kikosi cha jeshi kilipambana na kundi moja la wapiganaji na kuua zaidi ya ishirini. Wale waliosalia waliamini wametegwa. Kila kitu kikavunjika siku hiyo. Wiki mbili na siku chache baadaye, Aprili 24, jeshi liliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini.

Je, China alisaliti? Swali hilo lilimfuata hadi kaburini, na wanaolijibu haraka huwa hawajawahi kuulizwa maswali kwa saa 68 huku kitanzi kikiwangojea. Ni kweli kwamba taarifa zilizotoka katika mahojiano yale zilitumiwa kuwakamata watu waliokuwa wakiwalisha wapiganaji. Ni kweli pia kwamba alificha mengi, na kwamba yeye mwenyewe alishikilia hadi mwisho kuwa alitafuta njia ya kuwaondoa wenzake katika vita ambavyo hawangeweza kuvishinda kwa silaha. Lililo dhahiri ni kuwa msamaha aliopewa haukuwa na uhusiano wowote na haki. Hakuna jaji aliyesema hukumu ile ilikuwa kali mno, wala sheria haikubadilishwa. Wanaume waliokamatwa na risasi moja mfukoni, ambao hawakuwa na jeshi la kuliita mezani, waliendelea kupelekwa kunyongwa wiki baada ya wiki. Aliyeokoka ni yule aliyekuwa na cha kuuza.

Mambo hayo hayakupita bila kuonekana London. Miaka hiyohiyo Uingereza yenyewe ilikuwa ikigombana juu ya kitanzi. Mwaka wa 1948 Bunge la Makabwela lilipiga kura kusitisha unyongaji kwa miaka mitano, lakini Baraza la Malodi likalikataa pendekezo hilo. Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Sir Ernest Gowers ilichunguza suala hilo kutoka 1949 hadi 1953. Mbunge Sydney Silverman wa chama cha Labour alilibeba kwa miaka mingi, akishindwa na kurudi. Mwaka wa 1955 ulianzishwa muungano wa kitaifa wa kupigania kukomeshwa kwa adhabu ya kifo, chini ya watu kama mchapishaji Victor Gollancz na mwandishi Arthur Koestler.

Wapo waliounganisha mambo hayo mawili. Fenner Brockway, mbunge aliyewahi kufungwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kukataa kubeba silaha, aliizuru Kenya na mbunge mwenzake Leslie Hale mwishoni mwa 1952, hali ya hatari ikiwa changa. Mwaka wa 1954 Brockway aliongoza kuundwa kwa vuguvugu la kutetea uhuru wa makoloni. Yeye na wenzake, akiwamo Barbara Castle, waliwauliza mawaziri bungeni maswali yaliyowakera: wangapi wamenyongwa, kwa makosa gani, na wangapi kati yao waliua mtu. Majibu yalitolewa kwa takwimu kavu, na takwimu hizo ziliandikwa magazetini. Hata Waziri Mkuu Winston Churchill, ambaye hakuwa rafiki wa Mau Mau, alikuwa na wasiwasi mwaka wa 1953 kuhusu sura ambayo Uingereza ingepata duniani iwapo watu wengi wangenyongwa kwa pamoja.

Wasiwasi huo, hata hivyo, ulikuwa wa sura zaidi kuliko wa uhai. Mwezi Oktoba 1953 Uingereza ilikuwa imeupanua Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ili uyahusu makoloni yake mengi, Kenya ikiwemo, na mwaka uliofuata ikatoa taarifa kwamba kwa sababu ya hali ya hatari haitafuata baadhi ya masharti yake nchini Kenya. Kwa vyovyote vile, mkataba huo wenyewe uliruhusu kunyonga kwa amri ya mahakama. Silverman alifaulu kuupitisha mswada wake katika Bunge la Makabwela mwaka wa 1956, Malodi wakautupa. Februari 18, 1957, Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti. Mashtaka yake yalikuwa ya kupatikana na bastola na risasi. Yeye hakuombwa kuandika barua yoyote. Kufikia wakati huo serikali ilikuwa imeshinda vita na haikuwa na haja na mpatanishi.

China alizipokea habari hizo akiwa Lokitaung.

Maisha ya huko yamesimuliwa na wengi waliopitia. Jua lilikuwa kali, maji yalikuwa ya taabu, na upepo uliotoka upande wa Ziwa Rudolf, kama lilivyoitwa Ziwa Turkana enzi hizo, ulibeba vumbi siku nzima. Wafungwa walivunja mawe na kuchimba mashimo. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, aliondolewa kazi nzito na kuwa mpishi wa wenzake. Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba walikuwamo. Achieng' Oneko, wa sita katika kesi ya Kapenguria, alishinda rufaa lakini hakuachiliwa; alizuiliwa kwingine.

Kwa mtu aliyeacha shule mapema, Lokitaung ikawa darasa la pili baada ya Burma. Kenyatta, aliyesoma London chini ya Bronislaw Malinowski, alimfundisha China Kiingereza, jioni baada ya kazi. Ukaribu wao ulikua. Gereza hilo dogo lilijaa pia fitina, kwani wafungwa waligawanyika, baadhi wakimlaumu Kenyatta na kumtenga. Siku moja mmoja wa wafungwa vijana alimshambulia mzee huyo, na China ndiye aliyeingilia kati. Inafaa kulitafakari jambo hilo kidogo. Kama hukumu ya Nyeri ingetekelezwa, ugomvi ule wa Lokitaung ungeweza kuisha kwa namna nyingine, na historia ya taifa pia.

Mwezi Juni 1958 barua iliyoandikwa na wafungwa wa Lokitaung ilipenya hadi London na kuchapishwa katika gazeti la The Observer, ikieleza walivyotendewa na maji waliyopewa kunywa. Ilizua maswali bungeni. Mwezi huohuo Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi na kuwataja Kenyatta na wenzake kama viongozi wa kweli wa watu, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa sauti ya juu namna hiyo. Turkana haikuweza tena kuwasahaulisha. Aprili 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, na mwaka wa 1961 Maralal, kabla ya kurudishwa nyumbani Gatundu mwezi Agosti.

Itote aliachiliwa mwaka wa 1962, baada ya miaka minane kifungoni. Alikuwa na umri wa miaka 40. Hakukaa sana kijijini. Alipelekwa Israel kwa mafunzo ya kijeshi ya uafisa, na nchi ilipopata uhuru Desemba 1963 mtu aliyewahi kuhukumiwa kifo kwa risasi mbili akawa afisa katika jeshi la serikali. Mwaka wa 1964 alihamishiwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyokuwa imeanzishwa mwaka huo, akiwa miongoni mwa wakuu wake. Alifanya kazi huko kwa takriban miaka ishirini. Kazi ya kuwapanga vijana, kuwaamsha alfajiri na kuwatuma kujenga barabara katika nchi kavu haikuwa ngeni kwake.

Mwaka wa 1967 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kiingereza, lugha aliyoipata gerezani, kwa jina Mau Mau General. Mwaka wa 1979 akaongeza kitabu cha pili. Wasomi wamekuwa wakibishana juu ya yale aliyoyaacha nje, hasa kuhusu mahojiano ya 1954, na wana haki ya kubishana. Hata hivyo vitabu vya wapiganaji wenyewe vya miaka ile vinahesabika kwa vidole, na vya makamanda ni vichache zaidi. Waliokuwa na mengi ya kusema walikwisha kuzikwa Kamiti.

Huku nyuma, kitanzi hakikuondoka na bendera ya Mwingereza. Hapa ndipo historia inapouma. Uingereza ilinyonga mtu wake wa mwisho Agosti 1964, na Novemba 1965 mswada wa Silverman hatimaye ukawa sheria. Kwa kosa la kuua, adhabu ya kifo ilisitishwa kwanza kwa miaka mitano na kisha kukomeshwa moja kwa moja mwaka wa 1969. Kenya iliyojitawala ilibaki na sheria ya adhabu iliyoachiwa. Si hivyo tu: mwanzoni mwa miaka ya 1970 bunge lake liliongeza wizi wa kutumia nguvu katika makosa ambayo jaji hana hiari ila kuamuru kifo. Tangu hapo wengi wa waliojaza sehemu ya waliohukumiwa kufa huko Kamiti walikuwa vijana maskini wasio na mawakili, kama ilivyokuwa mwaka wa 1954.

Dunia nayo ilikuwa ikienda upande mwingine. Desemba 1977 shirika la Amnesty International liliitisha mkutano Stockholm uliozitaka serikali zote zikomeshe adhabu hiyo bila masharti. Desemba 15, 1989, Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki ya pili ya mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ambayo lengo lake moja tu ni kuondoa adhabu ya kifo. Kenya haikuitia saini. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka wa 1987, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walinyongwa Kamiti kwa uhaini kutokana na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Hao walikuwa wanajeshi, walioshindwa, na hawakuwa na cha kubadilishana na serikali.

Waruhiu Itote alifariki Aprili 1993, akiwa na umri wa miaka 71. Chama cha Mau Mau alichokipigania kilikuwa bado, katika vitabu vya sheria, ni chama kilichopigwa marufuku. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka wa 2003, miaka kumi baada ya kifo chake. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka wa 2007, huku familia yake ikiendelea kulitafuta kaburi lake. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa katika hali ya hatari. Walionyongwa hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Tangu 1987 hakuna aliyenyongwa Kenya. Marais wamekuwa wakitumia kalamu ileile aliyoitumia Baring, ila kwa watu wengi kwa pamoja. Mwezi Agosti 2009 Mwai Kibaki aliwabadilishia hukumu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingojea kufa. Oktoba 2016 Uhuru Kenyatta, mwana wa mfungwa wa Lokitaung, alifanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747. Desemba 14, 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kuwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya kuua ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa humnyima mshtakiwa nafasi ya kusikilizwa kuhusu hali yake. Mwaka wa 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kuwa uamuzi wake ulihusu kosa la kuua pekee.

Katika Umoja wa Mataifa, azimio la kuzitaka nchi zisitishe unyongaji lilipopigiwa kura kwa mara ya kwanza katika Baraza Kuu, Desemba 18, 2007, nchi 104 ziliunga mkono, 54 zikapinga na 29, Kenya ikiwa mojawapo, hazikuegemea upande wowote. Kwa miaka mingi Kenya iliendelea kukaa katikati hivyo. Desemba 2024, azimio hilo liliporudi na kupata kura 130, Kenya iliunga mkono kwa mara ya kwanza. Adhabu yenyewe ilikuwa bado imo katika Kanuni ya Adhabu, kwa uhaini, kwa kuua na kwa wizi wa kutumia nguvu.